Boti ya serikali imekuwa banda la kuku

Nyuma ya ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, kuna boti ya faiba iliyolazwa ubavu mchangani. Kuku wanatagia ndani. Pembeni, injini ya Yamaha ya farasi 40 imefungwa kwenye kigogo. Rafadha hakuna, kabureta hakuna, nati zinamomonyoka ukizigusa.

Siku moja nilikwenda na fundi ninayemwamini aitazame. Akajaribu kuizungusha kwa mkono, ikagoma.

"Wangeiuza ilipokufa gia tu, ningetoa laki moja bila kubishana," akaniambia. "Injini za namna hii ndizo zilizojaa hapa, spea zake hazilali. Sasa ni chuma cha kilo. Labda hii kava, bado nzima."

Watu wakizungumzia mali chakavu ya serikali, wanalia na wizi wa mnadani. Upo, sibishi. Lakini mimi naona hasara kubwa zaidi imo katika kungoja. Kwenye upepo huu wa chumvi, kila kusi likipita bei inashuka, na hakuna anayeulizwa.

Sheria yenyewe si ngumu. Ile ya Kenya ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inataka iundwe kamati, nayo ipendekeze njia: kuhamishia kifaa kwa ofisi nyingine ya umma, kuuza kwa zabuni, kunadi, kubadilishana na kipya kwa kuongeza pesa, au kuharibu na kufukia. Wafanyakazi wa ofisi hawaruhusiwi kujiuzia hivi hivi.

Kinachokwama ni saini. Afisa akiidhinisha bei, kesho mkaguzi anamuuliza kwa nini hiyo. Akiacha kitu kioze, mkaguzi ataandika mstari mmoja, mwaka ujao atauandika tena. Ningekuwa mimi ningeogopa vilevile. Juu ya hayo kuna vitu vya urithi: kaunsili, zile serikali za mitaa za zamani, zilikufa 2013, Mamlaka ya Mpito iliyopewa kazi ya kuhesabu mali zao ikamaliza muda wake 2016, na gari lisilo na logibuku, ile hati ya umiliki, halinadiki.

Halafu njoo kwenye kuthamini. Katika vitabu vya hesabu kitu kilichochakaa kinaweza kusomeka sifuri, ilhali mtaani kina mnunuzi wake. Anayejua bei ya gia kesi kuukuu ni fundi wa gatini, si mtu aliyetumwa na karatasi kutoka Mombasa. Mwiteni, mlipeni siku yake, aandike maoni kando ya ya mthamini.

Na tafadhali, acheni kufunga kila kitu fungu moja. Nimeona orodha ya mnada yenye viti vilivyovunjika, printa, matairi na injini ya boti, vyote kwa bei moja! Nani wa hapa atanunua? Atakuja mwenye lori na pesa taslimu, atachukua kwa bei ya viti, na injini itakuwa bakshishi yake. Tangazo nalo limetoka gazetini kwa Kiingereza. Libandikeni gatini na uwanjani Mkunguni kwa Kiswahili, kila kitu na bei yake ya chini, watu waje wakiguse kabla ya siku ya mnada.

Kufukia ndiko kunakonitisha. Maji ya mji huu yanatoka chini ya michanga ya Shela. Betri kuukuu na oili chafu zisizikwe kisiwani kwa kisingizio kwamba sheria imetaja kufukia.

Juma lililopita nilipita tena pale. Boti ipo, kuku wapo. Kava ya injini haipo. Nimeikuta vichochoro viwili mbele, imepinduliwa, imejaa maji, punda anakunywa.