Si kila moto wa kifuani ni vidonda vya tumbo

Hapa Dar es Salaam ukisema kifua kinawaka baada ya kula, utaambiwa: "Hivyo ni vidonda vya tumbo." Nami niliambiwa hivyo, nikaamini, nikameza dawa za kujinunulia kwa miaka miwili. Nilipopigwa kipimo cha kamera, daktari hakuona kidonda hata kimoja tumboni. Alikuta umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, umebabuka kwa tindikali inayopanda. Ni kiungulia, kilichokomaa kwa kuachwa.

Jina hilo la vidonda linatuponza. Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu tunazomeza ovyo kila kiuno kikiuma. Kiungulia ni habari ya mlango. Umio unapokutana na tumbo pana msuli unaobana ili chakula kikishuka kisirudi. Ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, tindikali hupenya juu, na umio hauna ule ute mzito unaolikinga tumbo. Ndiyo maana wajawazito wanateseka: homoni ya projesteroni huulegeza msuli huo huku mtoto akisukuma kutoka chini.

Tunailaumu pilipili, na wapo inaowachoma kweli. Mimi nalaumu saa tunayokula. Foleni inakufikisha nyumbani saa tatu usiku, ugali unaliwa saa nne, na kabla ya saa tano umeshalala chali. Ramadhani ni vilevile: daku la kushiba, sala ya alfajiri, kisha kitandani.

Siku hizi nakula kwa mama lishe karibu na kazini saa kumi na mbili jioni, kabla ya kupanda daladala. Watoto wakila usiku nakaa nao tu. Mwanzoni iliniuma, maana sinia moja ndiyo desturi yetu, lakini sasa nalala mpaka asubuhi. Fundi aliniinulia kitanda upande wa kichwa kwa vipande vya mbao vya sentimita 15. Kurundika mito hakukunisaidia, kulinikunja tumbo tu. Nalalia ubavu wa kushoto.

Dawa nazo zina utaratibu wake. Omeprazoli niliyoandikiwa, dawa ya kupunguza tindikali, huinywa nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Zamani nilikuwa naimeza nikishashiba, ndiyo maana sikuona nafuu kubwa. Maziwa hupoza kwa muda mfupi, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi.

Chakula kikikwama kooni, ukipungua uzito bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, achana na duka la dawa, kamwone daktari. Na kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, jasho likikutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Moyo nao huuma mahali pale pale.