Gongo siyo petroli, na pombe siyo uongo

Juzi mdogo wangu wa kule Gungu, hapa Kigoma, kanipigia saa tatu usiku, "kaka boda imezima haishiki", namuuliza umeweka nini, kimya, halafu "nilichanganya na gongo kidogo". Kidogo yenyewe nusu tenki! Kaona klipu kwenye grupu, jamaa anamimina pombe pikipiki inanguruma, na chini yake watu wanatukanana, hawa wanasema uongo mtupu, wale wanasema matajiri wa mafuta wanatuficha. Mmeniudhi wote.

Nyie wa uongo mtupu, Brazil wana mpango wa pombe ya magari tangu 1975, na hapa jirani Malawi wanachanganya kwenye petroli tangu 1982. Kaeni chini.

Sasa nyie wa gongo. Petroli ni kaboni na haidrojeni, oksijeni yote inaifuata kwenye hewa. Ethanoli, yaani pombe yenyewe iliyomo kwenye gongo, imekuja na oksijeni yake humohumo kwenye molekuli, yaani ni kama kuni iliyoungua kidogo kabla hujaitia jikoni. Ndo maana kilo ya petroli inataka kilo kama 14.7 za hewa, ya ethanoli 9 zinatosha. Kabureta yako haijui hayo, jeti, kile kitundu cha kupitisha mafuta, imetobolewa kwa petroli, inapitisha kiasi kilekile, hewa inazidi, injini inamisi inakohoa kama mzee wa kiko. Utaongeza jeti, sawa, lakini lita ya ethanoli ina joto theluthi mbili hivi ya lita ya petroli kwa hiyo utakunywa zaidi kwa safari ileile. Wabrazili wana hesabu yao pale kituoni, bei ya pombe ikizidi asilimia 70 ya petroli wanaachana nayo. Sisi tunaangalia bei ya lita tunashangilia.

Halafu hiyo mliyoweka ni ethanoli na MAJI. Ukiipika kienyeji maji hayaishi, hata mtambo mzuri wa kukenesha kwa kawaida unagota kwenye pombe kama asilimia 96, iliyobaki maji. Ukimwaga kitu chenye maji kiasi hicho kwenye petroli, pombe inayakimbilia maji, vinazama pamoja chini ya tenki, na mpira wa kwenda kwenye kabureta unavuta kutoka wapi? Chini. Dogo alikuwa anajaribu kuwasha chupa.

Haya, nakubali ina mazuri. Haigongi kirahisi, yaani hailipuki yenyewe ndani ya injini kabla ya wakati wake, na ikigeuka mvuke inapoza hewa inayoingia, ule ubaridi wa spiriti nesi anapokupaka kabla ya sindano. Ubaridi huohuo ndo ulifanya magari ya zamani ya Brazil yawe na kitenki cha petroli cha kuwashia asubuhi, ingawa kwa joto letu sioni shida. Mipira ya zamani inavimba, hilo kweli. Na methanoli, ile pombe nyingine yenye sumu, msiiguse, inapofua macho.

Ila inaniuma. Mafuta yanasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar mpaka huku mwisho wa reli, mihogo na ndizi tunazo, na swali la maana, nani atatoa maji yale na kwa gharama gani, halijaulizwa na mtu hata mmoja kwenye grupu la watu mia mbili.

Boda ipo kwa fundi, tenki limefunguliwa linakaushwa juani. Gongo iliyobaki sijauliza imekwenda wapi.