Chama cha shule binafsi kianzie kwenye shule inayokufa

Shule niliyofundisha kwa miaka 14 iko Old Moshi, juu kidogo, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye mlingoti wa bendera. Ilikuwa na mabweni manne. Nilipoondoka, mawili yalikuwa yamebaki na popo, na kidato cha nne kilikuwa na wanafunzi 18. Matokeo yetu yalikuwa yakitoka katika lile kundi la NECTA, Baraza la Mitihani, la shule zenye watahiniwa chini ya 40, ambalo wengi hawahangaiki hata kulifungua.

Kila ninapowasikia viongozi wa chama cha shule binafsi wakizungumza, mawazo yangu hurudi pale. Wanazungumzia kodi, tozo za magari, zimamoto, OSHA ya usalama kazini, wakaguzi wanaokuja leo hawa na kesho wale. Madai hayo ni ya haki, maana nimemwona kwa macho yangu mkuu wa shule akipanga risiti hizo mezani huku mishahara ya mwezi uliopita haijalipwa. Lakini sisi wa shule ndogo hakuna aliyewahi kutuuliza tutafikaje Desemba.

Wasioujua mkoa huu hudhani shule binafsi ni biashara ya matajiri tu. Huku Kilimanjaro ni tofauti. Shule za misheni zilipotaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na nafasi za sekondari za serikali zikawa chache kuliko watoto waliofaulu, wazazi hawakukaa kungoja. Walichanga fedha za kahawa, wengine wakatoa kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, sharika na parokia zikasimamia ujenzi. Mchanga na mawe vilibebwa na akina mama kichwani. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa umeitangulia mikoa mingine kwa wingi wa sekondari za binafsi. Zile ni shule za watu, hata kama hati ya kiwanja inasoma jina la dayosisi au la bodi.

Kisha ukaja mpango wa serikali wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, mwaka 2004 na shule za kata zikaenea hadi kwenye vitongoji vyetu. Januari 2016 ikafutwa ada ya shilingi 20,000 ya sekondari za kutwa za serikali. Nilifurahi, na bado nafurahi, kwa sababu mtoto wa jirani yangu asingesoma bila hatua hiyo. Ila shule kama yetu, iliyokuwa ikiishi kwa ada ndogo ya wakulima wenye migomba na ng'ombe wawili, ilibaki njia panda. Kupandisha ada haiwezi. Kushusha haiwezi.

Shule kubwa hazikupata shida hiyo, na hapa ndipo panaponiuma zaidi. Kuna shule zinazosifiwa hapa Moshi na kule Arusha ambazo mtoto akishindwa kufikisha wastani wao kidato cha pili, mzazi anaitwa na kushauriwa kwa upole "atafute shule nyingine". Shule nyingine yenyewe ilikuwa sisi. Nilikuwa mwalimu wa taaluma. Niliwapokea watoto hao Januari wakiwa na masanduku mazuri na macho yaliyokufa. Mmoja alikaa wiki tatu bila kunyoosha mkono darasani. Tukamfundisha, akapata daraja la tatu, na hakuna gazeti lililomwandika. NECTA iliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, na mimi naunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa orodha ile ilikuwa inaficha watoto waliotolewa njiani ili wengine wapande.

Serikali imekemea mchujo huu mara nyingi. Chama cha shule kingeweza kuumaliza kwa kikao kimoja, kama kingekuwa tayari kumwambia mwanachama wake tajiri: huyu mtoto uliyempokea kidato cha kwanza, utakaa naye hadi cha nne. Chama kisichoweza kumkaripia mtu wake kinakwenda wizarani kuomba nini? Afisa anayekisikiliza anajua yanayofanyika mabwenini kuliko kinavyodhani.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, zikafunguliwa kwa madarasa yote mwishoni mwa Juni, tuliona upungufu huo wa chama waziwazi. Wazazi waligoma kulipia miezi ambayo watoto walikuwa nyumbani, na walikuwa na hoja. Walimu tulikaa bila mshahara, nasi tulikuwa na hoja. Mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni alinifuata mpaka nyumbani: "Mwalimu, niambie ukweli, nilipe au nisilipe?" Sikuwa na jibu. Kila shule ilijiamulia, nyingine zikadai ada yote, nyingine zikasamehe nusu. Mwongozo mmoja wa kurasa mbili kutoka kwa umoja wetu ungetuepusha na ugomvi ambao hadi leo haujaisha kwenye jumuiya nyingine za kanisani.

Labda tatizo linaanzia kwenye jina. Umoja tuliouzoea, TAMONGSCO, ulijitambulisha kuwa wa mameneja na wamiliki wa shule na vyuo visivyo vya serikali. Mwalimu hayumo. Mzazi aliyebeba mawe hayumo. Sisemi wamiliki wasiwe na chombo chao, wanakihitaji. Nasema anayetaka kuzisemea shule binafsi aweke mezani viti vya hao wengine pia, na kila mwanachama achangie kwa idadi ya wanafunzi wake kwenye mfuko wa kuvusha shule ndogo muhula mmoja mgumu, au kuizika kwa heshima kama haiponi.

Kuizika kwa heshima ndiko kunakonishughulisha siku hizi. Mwezi uliopita alinipigia kijana tuliyemfundisha. Amepata kazi ya ulinzi mgodini na anadaiwa cheti cha kumaliza shule, kile chenye picha na mhuri wa mkuu wa shule. Mkuu wa mwisho amehamia Singida. Mhuri sijui uko kwa nani. Nilipanda hadi shuleni, mlinzi akanifungulia stoo, nikakuta mafaili ya miaka ya nyuma yamepangwa sakafuni chini ya bati linalovuja. Nimeyahamishia sebuleni kwangu, maboksi sita. Chama kikiwa na chumba kimoja tu pale mjini Moshi, chenye kabati la chuma na mtu wa kupokea simu, nitayapeleka kesho asubuhi kwa bajaji, nauli juu yangu.