Gemu la mpira lililolipiwa kabla ya kutengenezwa: hasara ni ya nani?

Agosti 1946, Peter Adolph wa Tunbridge Wells, Uingereza, alitoa tangazo katika jarida la wavulana, The Boy's Own Paper, akinadi gemu jipya la mpira wa miguu la kuchezea nyumbani. Gemu lenyewe halikuwepo. Oda zikaanza kumiminika kwa posta, na Machi 1947 maboksi ya kwanza ya Subbuteo yakatoka. Ndani yake mlikuwa na wachezaji wa karatasi ngumu waliosimama juu ya vifungo vya nguo vilivyoongezewa uzito, na magoli ya waya yenye nyavu za karatasi. Uwanja haukuwemo. Mnunuzi alielekezwa atafute blanketi kuukuu na kulichora mistari kwa chaki.

Kwa hiyo kuuza gemu kabla ya kulitengeneza hakukuanza na intaneti. Kilichokuja na intaneti ni ukubwa wa jambo. Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia miradi kabla haijakamilika, ilianza mwaka 2009, baadaye wakafuata wenzake kama Gamefound, na leo magemu ya mezani ni miongoni mwa vitu vinavyochangiwa zaidi humo. Utaratibu ni mwepesi kueleza: mwenye mradi anaweka picha, bei na lengo la fedha, lengo likifikiwa kadi za benki zinakatwa, lisipofikiwa hakuna anayekatwa hata senti. Kinachozusha mabishano ni kinachofuata baada ya kadi kukatwa. Gharama zikipanda katikati ya safari, meli ikikwama, kiwanda kikifungwa, nani abebe hasara: aliyebuni gemu au shabiki aliyemwamini?

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito, na nianze nayo kwa sababu mara nyingi hupuuzwa. Bila uchangishaji, magemu mengi ya michezo yasingezaliwa. Mchapishaji mkubwa anataka kitu kitakachokaa rafuni Ulaya na Marekani na kuuzika kwa makumi ya maelfu. Ukimpelekea gemu la kadi la besiboli linalowafaa watu wanaosoma takwimu za wachezaji kama hirizi, atakushukuru kwa kumtembelea. Akikubali, atakupa mrabaha mdogo, mara nyingi chini ya asilimia 10 ya bei ya jumla, na uamuzi wa mwisho unakuwa wake. Mwaka 2012 kampuni ya Mantic Games ya Nottingham ilikwenda kwa mashabiki moja kwa moja na DreadBall, mchezo wa mpira wa siku zijazo, ikapata zaidi ya dola 700,000. Miaka miwili baadaye Steamforged Games, nayo ya Uingereza, ilianza maisha kwa kuchangisha Guild Ball, kandanda la enzi za kati ambamo vyama vya mafundi, wachinjaji na wavuvi hupigana ngwala uwanjani.

Takwimu nazo si mbaya kama watu wanavyodhani. Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitoa mwaka 2015 utafiti uliowahoji wachangiaji wapatao 47,000 wa Kickstarter, akakuta kuwa asilimia 9 hivi ya miradi iliyofikia lengo haikufikisha ilichoahidi. Ni biashara gani changa yenye uwezekano wa kufaulu wa zaidi ya tisa kwa kumi? Ukifungua kioski leo huna uhakika huo.

Ila ukiitazama hiyo mifano miwili niliyoitaja, utaona jambo. Hakuna Arsenal humo, wala Real Madrid. Ni mpira wa siku zijazo na mpira wa enzi za kati. Ongeza Baseball Highlights: 2045, iliyochangiwa mwaka 2014, besiboli yenye maroboti. Kwa nini watu wanaopenda michezo halisi wanabuni michezo ambayo haipo?

Sababu ya kwanza ni leseni. Jina la klabu, nembo, sura ya mchezaji, vyote vina mwenyewe. Manchester United iliwafungulia kesi Sega na Sports Interactive, watengenezaji wa gemu la kompyuta la Football Manager, kwa kulitumia jina lake. Shauri likaisha kwa maelewano mwaka 2021 na jina la timu ndani ya gemu likageuka kuwa Man UFC. Kama kampuni ya ukubwa wa Sega imelegeza, kijana mwenye kompyuta moja na lengo la dola 20,000 atasimama wapi?

Sababu ya pili ni kalenda, nayo huonekana mzigo ukiwa umeshafika. Gemu la mazimwi likichelewa miaka miwili, mazimwi ni walewale. Gemu la ligi likichelewa miaka miwili, mshambuliaji amehamia Saudi Arabia, kocha amefukuzwa, na timu yenyewe imeshuka daraja. Bidhaa ya michezo huchacha, na mfumo unaojulikana kwa kuchelewa ndio usioifaa. Kwa hiyo wabunifu wajanja hukimbilia mwaka 2045, ambako hakuna usajili wa Januari.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo mashabiki wengi hujiona wameibiwa hali hakuna mwizi. Nichukue mfano wa kubuni. Watu 1,000 wametoa dola 60 kila mmoja, jumla 60,000. Kickstarter inachukua asilimia 5, na malipo ya kadi yanakula asilimia 3 na senti 20 kwa kila mchango. Dola 5,000 zimeondoka kabla karatasi haijakatwa. Kiwanda cha China hakitaki oda ndogo, tuseme kinaanzia nakala 1,500, kila moja dola 14: 21,000. Mchoraji na mpangaji kurasa 8,000. Kalibu za chuma za kumwagia wachezaji wa plastiki 6,000. Kumfikishia kila mchangiaji kifurushi mlangoni, kwa wastani wa dola 12, ni 12,000. Zimebaki 8,000. Nauli ya meli ikiwa 2,500, mwenye mradi anabaki na 5,500 za vipimo vya usalama, maboksi yatakayopasuka njiani, na ujira wake wa miaka miwili. Faida yake halisi ni zile nakala 500 za ziada, ambazo kwa sasa zimelala ghalani zikilipiwa kodi ya pango.

Mabadiliko yoyote yanaipindua hesabu hiyo. Kipimo cha nauli za makontena cha Drewry, kampuni ya utafiti wa usafiri wa meli, kilikuwa na wastani wa dola 1,420 kwa kontena la futi 40 mwaka 2019. Septemba 2021 kilivuka dola 10,000. Ile nauli ya 2,500 ikizidishwa hata mara tano tu, mradi una deni la 4,500. Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani hata kwenye vifurushi vidogo vilivyokuwa vinapita bure. Aprili 2025 Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, kisha katikati ya Mei ikaushusha hadi 30. Kwa boksi la dola 14, asilimia 145 ni dola 20 na senti 30: ushuru umeipita bidhaa. Na bei aliyolipa shabiki ilishapangwa mwaka mmoja au miwili nyuma.

Hadi hapo mwenye mradi anastahili kuhurumiwa. Huruma yangu inaishia kwenye malengo ya ziada. Kampeni ikipita lengo la kwanza, mwenye mradi huahidi nyongeza: tukifika 80,000 timu mbili zaidi, tukifika 100,000 uwanja wa kitambaa, tukifika 120,000 kombe la chuma. Mashabiki wanashangilia, grafu inapanda, na hakuna anayewaza boksi. Kampuni nyingi za vifurushi hutoza kwa ujazo: sentimita za urefu, upana na kimo zinazidishwa, kisha zinagawanywa kwa 5,000 kupata kilo za kutozwa. Boksi la 30 kwa 30 kwa 7 linahesabiwa kilo 1.26. Lijaze vikorombwezo hadi kimo kifike 12, linahesabiwa kilo 2.16. Shabiki ameongezewa timu mbili bure, na kilo za kutozwa zimepanda kwa asilimia 71 hivi. Adolph aliuza Subbuteo bila uwanja. Wa leo akipata fedha anaongeza uwanja wa pili.

Kuna pia kufaulu kunakodanganya. Holy Grail Games ya Ufaransa ilichangisha Rallyman: GT, gemu la mbio za magari, mwaka 2019, na likawafikia watu. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kufunga shughuli huku miradi yake mingine ikiwa haijakamilika. Kampuni ndogo inayoishi kwa kampeni hujikuta ikihitaji fedha za mradi mpya kumalizia wa zamani, na siku michango ikipungua, wa mwisho kutoa ndiye anayekosa. Mythic Games, nayo yenye mizizi Ufaransa, iliwarudia waliochangia gemu la Darkest Dungeon mwaka 2022 ikiwaomba waongeze fedha ili mzigo uliobaki utengenezwe. Wapo walioongeza. Wapo waliosema walishalipa.

Nani ana haki hapo? Watetezi wanasema mchangiaji alisoma masharti: Kickstarter si duka. Wapinzani wanajibu kwamba kama si duka, basi bei, picha ya boksi na tarehe ya kufika viliwekwa vya nini? Sisi tunaijua michango. Ukitoa mchango wa harusi huwezi kudai risiti, lakini pia hakuna aliyekuahidi sahani ya pilau itakayoletwa mlangoni kwako Novemba. Mwenye mradi anataka uvumilivu wa mchango na macho ya mteja kwa wakati mmoja, na mimi naona hapo ndipo watetezi wanapokwama. Mwanahisa akibeba hasara, hubeba na faida. Mchangiaji wa gemu lililokuja kuuzwa madukani dunia nzima hapati hata asante ya pili.

Lakini siungi mkono wanaotaka kila senti irudishwe. Fedha ikishakuwa kalibu ya chuma huko Shenzhen haigeuki tena kuwa fedha. Utaratibu unaoanza kuzoeleka, wa kutoza nauli mwishoni mzigo ukiwa tayari, ni wa haki zaidi kuliko kuikisia mwaka mzima kabla, hata kama unaudhi. Kila upande unabeba kile unachoweza kukijua: mbunifu gharama za kiwanda, shabiki umbali wa nyumba yake.

Wapo pia waliouacha mfumo wakiwa kileleni. Jamey Stegmaier wa Stonemaier Games alichangisha zaidi ya dola milioni 1.8 kwa ajili ya gemu lake la mezani la Scythe mwaka 2015, kisha akaacha kabisa kampeni hizo. Anatengeneza kwanza, anauza baadaye. Anayeutumia mfano wake kuusuta uchangishaji anasahau kwamba mtaji wa kujitegemea aliupata humohumo.

Kwetu mjadala huu una sura nyingine. Kickstarter haipokei wenye miradi kutoka nchi yoyote ya Afrika. Kuchangia unaweza, kuanzisha huwezi, labda uwe na ndugu au kampuni katika nchi zinazokubaliwa. Kenya kuna M-Changa inayopokea michango kwa simu, lakini watu wameizoea kwa harambee za hospitali, misiba na ada. Na AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Sina shaka kuna vijana Dar, Nairobi na Kampala wenye daftari limejaa kanuni za gemu la mpira wa hapa nyumbani, na yote niliyoyasema juu yanawahusu: nembo za Simba na Yanga si za kuchukua hivihivi, maana klabu hizo huuza jezi zenye nembo hizo, na gemu la mashindano likifika wiki tatu baada ya fainali ni zawadi ya mtoto wa jirani.

Ningekuwa miongoni mwao ningeisahau China kwa toleo la kwanza. Kadi na ubao vichapwe na wachapaji wa Kariakoo, wachezaji wakerezwe kwa mbao. Wapo watakaosema mbao haitoki sawasawa, na ni kweli. Hesabu ndiyo itakayomzuia mbunifu asitamani makubwa: nakala 300 zenye timu mbili za watu 11 ni vipande 6,600, na fundi atakukimbia. Ukiigeuza kuwa gemu la watano kwa watano, vipande vinashuka hadi 3,000.

Malipo yawe kama tunavyomlipa fundi seremala: nusu mbele, nusu mzigo ukionekana. Hapo hasara imegawanywa kabla haijatokea, jambo ambalo mitandao mikubwa haijaliweza. Udhaifu wake ni kwamba mbunifu anahitaji nusu nyingine kutoka kwingine, na hana. Ataenda Saccos, wataulizia dhamana, na oda 300 zilizolipiwa nusu huenda zikawa karatasi ya kwanza ya maana aliyowahi kuwaonyesha.