Firigisi ya Mwalimu

Kwetu hapa nje kidogo ya mji wa Kakamega, mgeni wa heshima huchinjiwa ingokho, yaani kuku, na firigisi huwekwa mbele yake. Firigisi ikipotelea jikoni, afadhali hata usingemwalika.

Sasa jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ananidai. Jogoo wangu aliwaongoza tetea wanne wakapenya tundu la ua wa michongoma, siku mbili tu baada ya Mwalimu kupanda mboga zake za kienyeji, mrenda na saga. Mbegu za mrenda ni kama chembe za mchanga, na hufukiwa juu juu tu. Kuku wakishachakura hapo utadhani fahali wamepigana. Kutoka hapo wakahamia kwenye sukuma wiki, wakala majani, wakaacha vijiti vimesimama kama miswaki.

Mwalimu hakupiga kelele. Alikuja mlangoni na kijiti kimoja, akaniinulia usoni kama karatasi ya mtihani niliofeli, akaenda zake.

Na si kwamba sikuwa nimejaribu. Jogoo huyo nilikuwa nimemkata manyoya ya bawa moja, ili apepesuke akitaka kuruka ua. Ushauri mzuri sana. Hakuruka. Alitembea.

Mama watoto akatoa hukumu: mhalifu achinjwe, Mwalimu aalikwe Jumapili aje amle mwenyewe. "Lakini mkamate usiku," akasema. "Mchana utamkimbiza mpaka majirani tuwatoze kiingilio."

Kweli, kuku gizani haoni vizuri. Unamtoa kwenye fito kama unavyotoa kofia msumarini. Jumamosi stima zikapotea, na simu yangu haikuwa na chaji. Nikaingia bandani nikipapasa. Tetea. Tetea. Tetea. Jogoo! Tena mzito. Akapiga mabawa yote mawili mpaka vumbi likanijaa kinywani, nikajiambia, kumbe manyoya huota haraka hivi! Alfajiri nikamchinja kwa mwanga wa koroboi, nikamwachia mtoto kazi ya kunyonyoa, nikaenda kuoga niwahi kanisa. Alikuwa mwekundu. Jogoo wangu ni mwekundu. Ningeuliza nini zaidi?

Mchana Mwalimu akaja na koti lake la Jumapili. Nikamkabidhi firigisi kwa mikono miwili. "Mwalimu, huyu ndiye aliyekula mboga zako. Leo mle wewe."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkasa ule. Akaitafuna polepole, akasema jogoo huyu ana mafuta, amelishwa na mtu anayejua kazi yake.

"Ni sukuma zako, Mwalimu!" nikamwambia. Tukacheka wote. Nilijiona mpatanishi wa kimataifa.

Mtoto akaleta maji ya kunawa. Alipoinamisha jagi, nikaona amejifunga uzi wa samawati kwenye kifundo cha mkono. Mwalimu naye aliuona. Mikono yake ikabaki hewani ikichuruzika maji.

"Mjukuu wangu, uzi huu umeutoa wapi?"

"Ulikuwa mguuni mwa jogoo, Guka."

Mama watoto akakumbuka kitu jikoni. Mimi kabla sijapata uongo wa kusema, jogoo akawika upande wa pili wa ua, shambani kwa Mwalimu. Sauti ile naijua. Imeniamsha mwaka mzima. Kumbe usiku ule kila jogoo alikuwa amekwenda kulala kwa tetea wa mwenzake.

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama ugali.

Akajifuta mikono kidole kwa kidole, akakaa tena, akavuta sahani.

"Mama," akaita jikoni, "niongezee mchuzi, na shingo kama ipo. Siwezi kulea kuku tangu kifaranga halafu aje aliwe na watu wengine."

Jioni alirudi kwake na jogoo wangu kwapani. Asubuhi nikamkuta bandani kwangu, katikati ya tetea wake, amepita palepale. Tundu nilikuwa bado sijaliziba.