Mikono iliyofichwa mfukoni: mchoraji aanze na misingi au na uhuru?

Kijana anayeanza kuchora huambiwa mambo mawili yanayogongana. Huyu anamwambia achore maboksi na mitungi kwa miezi, ajue kivuli kinavyoanguka na kichwa kinaingia mara ngapi katika urefu wa mwili, ndipo aanze kubuni. Yule anamwambia aachane na hayo, achore kilichomo moyoni kabla sheria hazijamzima. Chuo cha Makerere, Uganda, kiliyapitia mabishano haya kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa pale mwaka 1937, alihofia kwamba mbinu za Ulaya zingemharibia Mwafrika jicho lake mwenyewe. Alimsimulia mwanafunzi kisa au tukio, kisha akamwacha achore alivyoliona akilini. Mwaka 1958 nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini, naye akaligeuza darasa: nadharia ya rangi, historia ya sanaa, kuchora kwa kumwangalia mtu aliye mbele yako.

Mimi namwelekea Todd. Nia ya Trowell ilikuwa njema, lakini kumfungia mtu kabati la maarifa ili abaki yeye mwenyewe ni kumwamulia yeye ni nani. Hata hivyo, chini ya Trowell ndiko walikopita Sam Ntiro na Elimo Njau, wote vijana wa Kilimanjaro. Mwaka 1959 Njau alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a maisha ya Kristo katika nchi ya vilima na watu wa hapohapo, na picha hizo hazimwombi mtu wa Ulaya ruhusa. Baadaye, katika kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, akawa anasisitiza kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi.

Maneno hayo yananisumbua kila ninapomfikiria Edward Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za baiskeli, bila kukanyaga chuo chochote cha sanaa. Wapenzi wa uhuru humtaja yeye kwanza. Lakini alipofariki mwaka 1972, mtindo wake ulienea hasa kwa kunakili: mwanafunzi hukaa na fundi, hujaza rangi ya nyuma, hupiga madoa ya chui, hurudia. Mkono unaotoka hapo hautetemeki. Mstari ni safi na rangi haivuji. Huo nao ni msingi, tena mgumu. Kinachokosekana mara nyingi ni jicho, kwa sababu twiga yule ametoka kwenye picha ya twiga, iliyotoka kwenye picha nyingine.

Kwa hiyo naona tunachanganya vitu viwili. Kurudia kazi ya mtu kunafundisha mkono. Kukaa mbele ya kitu chenyewe na kukichora mpaka ukione ndiko kunakofundisha jicho, na hiyo ndiyo misingi ninayoitetea. Nimewaona vijana wenye mawazo mazuri ajabu ambao kila mtu katika picha zao ana mikono mfukoni au mgongoni. Wanauita mtindo wao. Ukweli ni kwamba hawajui kuchora vidole, na kutojua huko kumekwisha kuwaamulia hadithi gani waisimulie. Mama anayesuka nywele hawezi kuingia katika picha hiyo, wala mvuvi anayeshona wavu.

Wapo pia waliozama upande wa pili: madaftari matatu ya mayai yenye vivuli vizuri, na hakuna picha hata moja iliyosema neno. Hao nawaambia wasisubiri kumaliza, maana zoezi la mikono linaweza kuwa picha yenyewe. Bibi anachambua mchele kwenye ungo pale barazani, vidole vyake vinakwenda na kurudi. Kaa mchore.