Umeme na data kwenye koili moja

Ukiweka simu juu ya chaja isiyo na waya, mazungumzo yanaanza papo hapo. Koili ya simu, yaani waya uliozungushwa, inavuta umeme kutoka kwenye uga wa sumaku wa chaja, na simu inaupandisha na kuushusha mzigo wake kidogo kidogo. Chaja inayasoma mabadiliko hayo kama ujumbe: ongeza, punguza, nimepokea kiasi hiki. Ndivyo Qi, kiwango cha kuchaji simu bila waya, inavyofanya kazi, kwa kasi ya biti 2,000 tu kwa sekunde. Mtu wa 4G atacheka.

Wapo walioona data ipewe njia yake: umeme upite kwenye masafa ya 6.78 MHz, ujumbe upite kwa Bluetooth. Kasi inapanda kweli. Tatizo ni kwamba Bluetooth inavuka hadi chumba cha pili, kwa hiyo chaja inaweza kujikuta inaongea na simu iliyo kwenye chaja ya jirani. Kwenye koili moja, anayekula ndiye anayeongea. Sarafu ikinasa katikati, umeme uliotumwa unauzidi mno ule ambao simu inasema imeupata, na chaja inakata.

Ila njia moja nayo ina mlango wa mwizi. Mwaka 2024 watafiti nchini Marekani walipitisha kelele za umeme kwenye adapta, wakayavuruga mazungumzo hayo hadi wakaweza kuunguza vitu vya chuma juu ya chaja. Bado naona koili moja ni bora. Kelele za adapta zinachujika.

Kwa mbali mambo ni mengine. Mtafiti Lav Varshney alionyesha kinadharia mwaka 2008 kwamba wimbi moja linaweza kubeba vyote viwili, umeme na data, na tangu hapo ndoto ya kuchaji kwa Wi-Fi haijaisha. Tupige hesabu. Ruta ya wati 0.1, ukiwa mita 5, inaipa antena ndogo chini ya mikrowati 1. Kwa data hiyo ni karamu, maana kipokezi cha Wi-Fi kinaridhika hata na sehemu ya bilioni moja ya wati. Simu inataka wati 5. Tena kila chembe inayokwenda kuchaji inapunguzwa kwenye ile ya kusoma data, au vipeane zamu.

Kihisi cha joto kinachoamka mara moja moja kinaweza kuishi na makombo hayo, hasa kikiwa karibu na ruta. Anayekuuzia chumba kinachochaji simu mfukoni, mwulize kwanza: wati ngapi, kwa mita ngapi?